Prefe, Mashine Yake na Papa Wangu

Jirani yetu hapa Bel-Air tunamwita Prefe, ingawa ni miaka mingi tangu aache kuongoza shule ya sekondari. Jina lake nalijua, lakini kulitamka ingekuwa kama kumvua kravati mbele ya watu. Alizaliwa wapi, nani alimzaa, hayo waulizwe wale wanaosoma maisha ya marehemu kwenye misiba. Mimi naandika ninayoyajua, na nataka msomaji ajue mapema kwamba kwa muda mrefu sikumpenda. Hakunikosea kitu. Ila alikuwa na mashine ambayo Papa aliiota maisha yake yote, kisha akawa na Papa pia.

Papa ni fundi wa mbao. Atelye yake iko Kenya (mtaa wa hapa mjini kwetu, si ile nchi), kibanda cha mabati alichopanga kati ya mshonaji na kanisa lenye spika nyingi kuliko waumini. Huko anakatia mbao kwa mashine aliyoichomelea mwenyewe: fremu ya vyuma vya kitanda, mota ya pampu ya maji, na msumeno wa duara unaotikisika kama jino la mtoto wa miaka sita. Inakata. Lakini ukiiomba ikupe mbao nne sawasawa, inakupa mbao nne za ukoo mmoja: zinafanana, hazilingani. Ndani ya mlango wa kabati letu la nguo, Papa alibandika picha aliyoichana kwenye katalogi: meza ya chuma kizito, laini, chini yake sanduku lililofunika mota yote, na katikati ya meza msumeno unachungulia kama mwanafunzi aliyechelewa dirishani. Mama akitafuta kitenge chake, anafungua kabati, anakutana na mashine. Alishazoea.

Turudi kwa Prefe. Yeye hajui neno "karibu na". Kwake kila kitu kina kipimo, na kipimo kina mkia. Siku moja aliniuliza nina miaka mingapi.

"Kumi na saba, Prefe."

"Kumi na saba na nini?"

"Na meno yote, Prefe."

Hakucheka. Hajawahi kucheka utani wangu hata mmoja, na mimi ndiye msichana anayemchekesha mpaka mwalimu wa kemia, mtu ambaye hata picha yake ya ndoa imenuna.

Neno lake kubwa ni hili: "Ulipima, ao uliwaza kama ulipima?" Aliwauliza waashi waliomjengea ukuta. Alimuuliza muuguzi aliyemwambia damu yake inapanda. Alimuuliza hata pasta wetu, aliyekuwa amehubiri kwamba mwisho wa dunia uko karibu. Pasta alijikuna shingo, akasema, "Prefe, ile habari hatupime, tunaamini tu." Prefe aliitika kwa kichwa, kama mwalimu anayempa mwanafunzi alama tano kati ya kumi ili asilie.

Na bado, mtu huyohuyo mkavu alitoboa ukuta wake mzuri, akautoa mfereji wa maji nje, barabarani, ili siku maji yakikatika kwingine watu wachote kwenye kisima chake. Kila asubuhi akina mama wanapanga bidoni, madumu yao ya maji, pale. Yeye anasimama getini na kravati, anahakikisha mstari umenyooka. Usiombe umshukuru vibaya.

"Merci sana, Prefe!" nilimwambia siku moja, bidoni kichwani.

"Merci sana haiko Kifaransa," akasema. "Haiko hata Kiswahili. Chota, uende."

Unaona shida yangu. Mtu anakupa maji bure, na unatoka pale umekasirika.

Aliponunua mashine, avenue nzima ilijua kabla ya mkewe. Alitaka kutengeneza rafu za vitabu vyake, kwa mikono yake mwenyewe, yeye ambaye hajawahi kupigilia msumari ukaingia umenyooka. Lori lililoibeba lililala kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa siku nyingi, na kila siku Prefe aliketi mbele ya geti kama anamsubiri gavana. Ilipofika, wanaume sita waliishusha wakiimba. Prefe akawaomba wapunguze sauti, mashine bado ina uchovu wa safari. Hapo wote walicheka, wakidhani anatania. Mimi nilimwangalia usoni. Hakuwa anatania.

Jioni ile ile alibisha mlango wetu. Nilimfungulia nikiwa na tonge la bukari, ugali wetu, mkononi.

"Fundi," akamwambia Papa, "niko na mashine. Sina mikono."

Papa aliacha bukari kwenye sahani. Katika miaka yangu kumi na saba na kitu sikuwahi kuona Papa akiacha bukari. Mama alitazama ile sahani kama mtu aliyesomewa barua mbaya.

Kuisimamisha ile mashine kulichukua siku kama kumi, kila siku baada ya Papa kutoka Kenya. Chuma chote kilikuwa kimepakwa mafuta mazito kiwandani kisishike kutu njiani. Waliyafuta kwa petroli na matambara mpaka garaji ya Prefe ikanuka kama kituo cha malori. Kisha ikaja kazi ya kuisawazisha. Sakafu ya garaji imeinamia mlango ili maji ya mvua yatoke, kwa hiyo pembe moja ya mashine ilikuwa inaelea hewani. Papa aliingiza vipande vya bati chini yake, kimoja kimoja, na Prefe akiwa amelala kifudifudi sakafuni, kravati na vyote, akichungulia povu la nivo, yaani pimamaji. "Bado... bado... simama!" Ungedhani anaegesha ndege.

Halafu msumeno wenyewe. Juu ya meza kuna mfereji mwembamba ulionyooka, ambamo kifaa cha kusukumia mbao kinateleza. Msumeno lazima usimame sambamba na huo mfereji. Ukipinda hata kidogo, mbao inaungua, inakwama, ao inakurudia tumboni. Papa alitia chaki kwenye jino moja la msumeno, akapima kutoka jino hilo hadi mfereji upande wa mbele, akalizungusha jino lile lile hadi upande wa nyuma, akapima tena.

"Mbele na nyuma haiko sawa," akasema.

"Inazidi na nini?"

"Na karatasi moja."

"Karatasi ya daftari ao ya bahasha?"

Papa aliwaza. Kweli kabisa, aliwaza! "Ya bahasha, Prefe."

Na Prefe akacheka.

Nilikuwa nje ya dirisha la garaji, bidoni kichwani, nikasikia kicheko chake. Kilikuwa kimetunzwa vizuri, kama suti ya harusi: hakijavaliwa sana, na bado kinamkaa. Mimi nimemfanyia yule mzee vituko vya miaka, na vyote vilianguka chini. Papa alikipata kwa bahasha! Naye Papa alicheka pia, kichwa nyuma, fizi nje. Kisha wakalegeza bolti za chini, Papa akagonga kidogo kwa nyundo ya mti, wakapima tena, wakagonga tena, mpaka maji yakapata moto juu ya kichwa changu.

Nieleze kitu kuhusu Papa, la sivyo mtaniona mbaya zaidi ya nilivyo. Nyumbani Papa ana maneno matatu: "Ee", "Bado" na "Zima taa". Tulidhani ameumbwa hivyo, tukamheshimu hivyo. Sasa kule garajini nilimsikia anasema sentensi nzima, zenye kichwa na miguu. Alieleza mti wa muvula unavyonuka ukikatwa. Alieleza jinsi baba yake alivyomfundisha kunoa. Hiyo ya babu sikuwa naijua! Habari ya babu yangu mwenyewe niliipata kwa kuiba, dirishani kwa jirani.

Nilijitetea kwa silaha nilizokuwa nazo. Nilificha kiatu chake kimoja. Alikwenda na sandali. Nilimletea zoezi langu la hesabu, mimi ambaye daftari la hesabu nalitumia kuchorea walimu.

"Papa, nisaidie hapa."

Aliliangalia, akang'aa uso. "Mama, hii umupelekee Prefe. Ye njo anayua."

Papa ananiita Mama kwa sababu nina jina la mama yake. Siku ile nilitamani aniite kitu kingine, nigombane naye vizuri.

Sikuwa peke yangu katika wivu. Mke wa Prefe, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, alitukuta mferejini asubuhi moja, akatuambia kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa: "Ile mashine inalala na shuka ya ndoa yangu. Miye niko na blanketi ya zamani." Akina mama walipiga makofi. Mimi niliongeza kwamba akisikia mashine inaitwa chérie, yaani mpenzi, aje kulala kwetu. Alicheka mpaka akakaa juu ya bidoni.

Na alipata kisasi bila kukitafuta. Papa alikuwa amesema meza ya chuma ipakwe nta, maana mvua zinakuja na kutu inapenda mvua. Siku ya pili Papa alichelewa Kenya. Prefe, akitaka kumfurahisha, alichukua kopo la nta kwenye barza ya mkewe, ile nta nyekundu tunayosugulia sakafu za saruji. Alisugua tangu saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili. Papa alipofika, alikuta mashine ina rangi ya barza. Alipitisha ubao mmoja juu yake bila kuwasha, akaugeuza: tumbo lilikuwa la waridi.

"Ni kosa yangu," Prefe alisema papo hapo, amesimama wima. "Nilisoma neno nta. Sikusoma rangi."

Ndivyo alivyo. Kosa lake analitangaza kwa sauti ileile anayotangazia la kwako. Nilienda kulisambaza avenue nzima, lakini halikuwa na utamu. Mtu akishajisema mwenyewe, wewe unabaki na nini?

Hapa kwetu kitu kipya hakianzi kazi kikavu. Gari, nyumba, diploma, lazima tukinyweshe. Tunaita arosaje: majirani wanakuja, pasta anaomba, tone la kwanza linamwagwa chini na mengine yanajua njia. Arosaje ya mashine ilipangwa Jumamosi. Siku ya Alhamisi Papa aliiwasha kuijaribu, ikazunguka vizuri. Ijumaa kura, yaani umeme, ulikatika mtaa mzima. Mafundi wakaja kutengeneza kwenye kabini ya transfoma, na Jumamosi saa sita ukarudi. Papa angeweza kuijaribu tena. Hakuijaribu. Mashine ilikuwa inangoja maombi, na kuiwasha kabla ya pasta kungekuwa kama kuonja mkate wa meza ya Bwana jikoni.

Basi watu wakajaa garajini. Alikuwepo shemasi aliyetaka kuagiza mabenchi ya kanisa, na kila mtu alijua kwamba alikuja kumpima Papa zaidi ya kuibariki mashine. Papa alivaa shati jeupe. Pasta aliomba kwa muda mrefu. Tone likamwagwa. Papa akabonyeza, mashine ikanguruma kwa sauti nzuri, nzito, akasukuma ubao.

Ubao haukukatwa. Ulitoa moshi, ukaruka kutoka mikononi mwake, ukapiga ukuta wa nyuma. Papa alizima haraka. Msumeno ulipopunguza mwendo, kila mtu aliona: ulikuwa unazunguka kinyume.

Kimya. Na mimi kimya siwezi kukiacha bila mtu.

"Papa!" nikapaza sauti. "Mashine inataka kurudi Kasumbalesa!"

Garaji ililipuka. Walicheka wenye chupa na wasio na chupa, pasta alijifunika na Biblia. Ulikuwa utani wangu bora wa mwaka. Nami niliurusha nikimtazama Prefe, kwa sababu ulikuwa wake: nilitaka kumwona kravati inapinda walau mara moja. Lakini kicheko hakina anwani. Kilimpita Prefe, kikamkuta Papa, na shati lake jeupe, mikono bado imenyooshwa kushika ubao ambao haukuwepo.

"Kumbe fundi mwenyewe njo huyu?" shemasi akasema. "Mabenchi, tutaona kwanza."

Hapo Prefe aliinuka.

"Ni miye," akasema. "Asubui niligusa kamba ya kura. Nilitaka kuona namuna iko. Fundi alikuwa amefanya muzuri, miye njo niliharibu."

Watu wakamcheka yeye sasa, kwa heshima, na mambo yakatulia. Mimi sikucheka. Prefe anaogopa umeme kama mwanafunzi anavyoogopa buleteni ya alama. Hata glopu ikiungua anaita mtu wa kuibadilisha, naye anasimama uani. Huyu mtu aliwahi kumrudisha nyumbani mwanafunzi wiki nzima kwa uongo mdogo kuhusu kalamu. Na sasa alidanganya mbele ya pasta, bila mazoezi, sauti ikimpasuka katikati kama ya kijana wa miaka kumi na minne.

Papa alifungua sanduku la umeme ukutani, akabadilisha nyaya mbili kati ya tatu, akafunga, akawasha. Msumeno ulipita kwenye ubao kama kwenye papai. Makofi. Jumatatu mwenye kinu cha unga pale kwenye kona alikuja akipiga kelele kwamba kinu chake nacho kinazunguka kinyume tangu Jumamosi. Mafundi wa kabini walikuwa wamezirudisha nyaya kwa mpangilio mwingine. Kosa halikuwa la Papa wala la Prefe. Shemasi alirudi, akaagiza mabenchi. Na mimi nilizidi kuumia: hata kusema uongo, jambo ninalolijua, yule mzee alinishinda kwa jaribio moja.

Baada ya hapo Papa aliacha kwenda kwa Prefe. Alitoka Kenya, akaoga, akakaa kwenye kiti. "Ee." "Bado." "Zima taa." Nilikuwa nimeshinda. Nilimpata mzima mzima, kila jioni, akitazama ukuta. Siku moja nilifungua kabati kutafuta soksi, nikakuta picha ya katalogi imebanduliwa. Mama aliniona nimesimama pale, akafunga mlango wa kabati polepole bila kuuliza natafuta nini.

Wiki chache baadaye nilikuwa natoka shule, shati jeupe na sketi ya bluu, Prefe akaniita. Alikuwa ameketi getini. Hakuwa na kravati. Shingo yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyofikiri.

"Mademoiselle. Papa yako alikuambia kama nilimuomba akuye kutumika kazi yake hapa?"

"Hapana, Prefe."

"Aache ile kibanda ya Kenya, alete bintu yake. Garaji ikuwe yake. Miye nataka rafu yangu tu, na muntu wa kupima naye. Alikataa."

"Juu ya nini?"

"Nilimuuliza. Alisema mutoto yake anamuonea haya, kuwa kibarua mu nyumba ya jirani. Alisema ulionyesha mbele ya bantu."

Nilikuwa na mizaha mitatu tayari mdomoni. Huwa natembea nayo. Yote iligoma.

"Haikuwa haya, Prefe."

"Ilikuwa nini?"

"Wivu."

"Wivu ya mashine?"

"Wivu ya weye."

Alifungua mdomo. Nilijua anataka kuniuliza ni wivu kiasi gani, na nini juu yake. Akaufunga. Bidoni ya mtu ilikuwa inajaa mferejini, tukaisikiliza mpaka ikamwagika.

"Hiyo ulimuambia papa yako?"

"Hapana."

"Basi unaniambia miye ya bure." Aliinuka, akashika geti. "Kesho saa moja garaji itakuwa wazi. Saa moja. Haiko karibu na saa moja."

Nilifika nyumbani, nikamkuta Papa kwenye kiti. Sikuvua hata begi.

"Papa, ile siku sikuona haya. Niliona wivu. Kule kwa Prefe unasema. Hapa unasema Ee."

"Ee," akasema. Kisha akajisikia mwenyewe, akatazama mikono yake. Mama alikuwa anasonga bukari. Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Papa alikohoa, akatafuta neno, akazunguka nalo mdomoni kwa muda.

"Miye niliwaza..." akasema. "Niliwaza unanicheka miye."

"Nilimucheka yeye. Ikakupiga weye."

Halafu akauliza, kwa sauti ndogo sana, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kutoka darasani: "Alisema saa ngapi?"

"Saa moja, Papa. Haiko karibu na saa moja."

Asubuhi nilikuwa kizingitini nikifunga viatu vya shule alipotoka. Ilikuwa bado robo saa. Nivo kwapani, chaki mfukoni, anapiga mluzi wimbo ambao sikujua kwamba anaujua. Alinipita, akavuka barabara karibu akikimbia, akaingia geti la Prefe. Hata kuniaga, hakuniaga.